Dakika Inayolipwa na Saa Unayofanya Kazi

Kazi ya kuandika mahojiano yaliyorekodiwa mara nyingi hulipwa kwa dakika. Tuseme umeambiwa shilingi 30 za Kenya kwa kila dakika ya sauti. Zidisha kwa 60, unapata 1,800. Wengi huishia hapo, wakaipokea kazi wakiamini watalipwa 1,800 kwa saa. Hiyo ni bei ya saa moja ya sauti, si ya saa moja ya jasho lako.

Anayeandika neno kwa neno hurudisha rekodi nyuma, akasikiliza tena, akatafuta ni nani anayesema, kisha akapitia upya alichoandika. Makadirio yaliyozoeleka katika kazi hii ni saa nne kwa saa moja ya sauti inayosikika vizuri. Gawa 1,800 kwa 4, unabaki na 450. Mahojiano ya kikundi, watu wakikatizana na magari yakipita, yanaweza kula saa sita, na hapo umeshuka hadi 300. Kwa hiyo, kabla ya kukubali bei, omba usikilize dakika tano za katikati ya rekodi. Mwanzoni watu bado wanajitambulisha mmoja mmoja, kila neno linasikika.

Kama bei unapanga wewe, anzia na unachotaka kupata. Unataka 600 kwa saa, na kila saa ya sauti itakuchukua saa nne? Hiyo ni 2,400. Gawa kwa 60, dai shilingi 40 kwa dakika.

Mkalimani wa Kiswahili anayefanya kazi kwa simu Marekani ana hesabu nyingine. Senti 60 kwa dakika ni dola 36 kwa saa, ikiwa simu haikatiki. Akilipwa dakika za mazungumzo tu, na katika saa nzima amezungumza dakika 35, amepata dola 21. Muda wa kungoja unalipwa au haulipwi? Swali hilo liulizwe kabla ya kutia saini.

Halafu kuna nukta ya desimali, ambayo huwapunja watu wasijue. Saa 1 na dakika 20 si 1.20. Ni dakika 80, na kwa shilingi 30 ni 2,400. Ukizidisha 1.20 kwa 1,800 unapata 2,160. Shilingi 240 zimepotea. Vivyo hivyo, rekodi ya 12:30 ni dakika 12.5, kwa sababu sekunde nazo hugawanywa kwa 60. Kwenye ankara, geuza kwanza muda wote uwe dakika, ndipo uzidishe.