Mafunzo Niliyopata kwa Kuangalia Usaha

Nimestaafu kazi ya maabara. Haya nawaandikia vijana mnaoanza, nyie mnaotaka kufika mbali kuliko sisi. Mengi niliyajua kwa kuchelewa, na baadhi kwa kuaibika.

1. Usaha usiudharau

Nilipokuwa mgeni kazini, sampuli za usaha nilizisukumia mwisho wa siku. Zinanuka, nami nilijiona bingwa wa damu. Siku moja muuguzi akaleta swabu ya jipu la kijana fundi seremala. Nikaipaka rangi ya Gram. Chini ya hadubini vikaonekana vimelea vya mviringo, rangi ya zambarau, vichala vichala: stafilokokasi. Lakini chembe nyeupe zilikuwa zimepasuka, viini vimetapakaa ovyo. Nikaandika kwa kujiamini: "Slaidi mbovu, irudiwe."

Mkuu wangu wa kazi, mzee asiye na maneno mengi, akainama, akaangalia. "Slaidi haina kosa, mwanangu. Hizo chembe zimekufa."

Usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga ya neutrofili, zile chembe nyeupe ambazo ndizo nyingi kuliko nyingine kwa mtu mzima. Zinakufa kwa sababu kadhaa, na slaidi peke yake haikuambii ni ipi. Ila tangu siku ile nikiangalia kimelea, naangalia pia hali ya chembe zilizokwenda kupambana nacho.

2. Uliza sumu inamdhuru nani

Mwaka 1894, Van de Velde wa Ubelgiji alionyesha kuwa stafilokokasi hutoa kitu kinachoua chembe nyeupe. Mwaka 1932, Panton na Valentine wa Uingereza wakakihusisha na maambukizi ya ngozi, ndiyo maana sumu hiyo inaitwa Panton-Valentine leukosidini, kwa kifupi PVL. Kwa muda mrefu nilidhani Panton Valentine ni mtu mmoja, na niliwafundisha wanafunzi hivyo. Hakuna aliyenisahihisha, labda waliniogopa.

Sumu yenyewe ni protini mbili, S na F. Kila moja peke yake haiui. S hujishika kwenye neutrofili, F ikaja kuungana nayo, na vipande vinane hujipanga duara na kutoboa utando wa chembe. Kilichonishangaza ni pale S inapojishika. Ni kipokezi kilekile ambacho neutrofili hukitumia kupokea mwito wa protini iitwayo C5a, mwito wa kuwahi penye maambukizi. Yaani inanaswa kwa kiungo kinachoifanya iitike.

Hilo lilijulikana mwaka 2013, na likaeleza ubishi wa miaka mingi. Waliofanya majaribio kwa panya walikuwa wakipata majibu yanayopingana, hata wengine wakasema sumu hii haina uzito. Kumbe kipokezi cha panya hakishikwi nayo kama cha binadamu, ilhali cha sungura kinashikwa. Ukisoma siku yoyote kwamba kitu "hakina madhara", angalia kwanza kilijaribiwa kwa nani.

3. Hesabu ndogo si habari njema

Hili linaniuma hadi leo. Usiku nikiwa zamu, tulipokea damu ya msichana wa sekondari. Alikuwa na mafua makali kwa siku chache, sasa ana homa, anakohoa makohozi yenye damu, anahema. Chembe zake nyeupe zilikuwa chini sana. Nikampigia daktari wa zamu kwa sauti ya kuchangamka: "Hazijapanda, dokta. Bakteria hapa hakuna." Msichana hakufika asubuhi.

Kama ilikuwa PVL siwezi kusema, hatukuwa na kipimo cha jeni. Lakini mwaka 2002 madaktari wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Lancet taarifa ya wagonjwa 16 wa nimonia ya stafilokokasi yenye sumu hiyo, nikaisoma na jasho likinitoka. Nusu yao walikuwa chini ya miaka 15, ilhali kwa wale ambao vimelea vyao havikuwa na sumu, umri wa kati ulikuwa miaka 70. Wengi walitanguliwa na dalili za mafua. Chembe nyeupe zilishuka. Saa 48 baada ya kulazwa, waliokuwa hai ni asilimia 63, dhidi ya 94 kwa kundi la pili.

Mtu aliyezidiwa kiasi kile, halafu chembe nyeupe hazipo: huenda zimeuawa. Jibu la namna hiyo usilipeleke kwa fomu. Kimbia nalo.

4. PVL si jina jingine la usugu

Nilichanganya haya mawili kwa muda. Jeni za sumu huletwa na virusi vinavyoingia ndani ya bakteria. Usugu wa dawa ni habari nyingine. Hapa Afrika, vimelea vingi vyenye PVL bado vinauawa na kloksasilini. Maambukizi yakiwa makali, madaktari wengi huongeza klindamaisini, kwa kuwa inaizuia bakteria kutengeneza protini, sumu ikiwemo.

5. Jipu la ndani na majipu ya nyumba nzima

Mtoto anachechemea, paja limevimba, ngozi haina hata mkwaruzo. Nyumbani wanalichua kwa mafuta wakisema amegongwa mpirani. Mara nyingi ni kweli kagongwa tu. Lakini homa ikiwepo, fikiria usaha ndani ya msuli. Ugonjwa huo ni wa nchi za joto hasa, na utafiti uliofanywa Kambodia uliufungamanisha na PVL kwa nguvu sana.

Ya nyumbani kwangu ni madogo kuliko hayo. Watoto wa dada yangu walipokezana majipu mwaka mzima, nami mjomba-mtu mzima mwenye cheti nikawa nagawa vidonge vya ampiklox, nusu dozi nusu dozi. Watu kama 3 kati ya 10 hubeba stafilokokasi puani bila kuugua, na ile familia ilikuwa na taulo moja na wembe mmoja. Majipu yakapasuliwa kliniki, kila mtu akapewa taulo lake, mashuka yakafuliwa kwa maji moto. Yakakoma. Shemeji yangu anashikilia kwamba ni kwa sababu msimu wa maembe ulikwisha.