Rasilmali na Faida ya Mwenye Kuuza Chambo cha Bandia

Yapasa ijulikane ya kuwa mvuvi wa mshipi hutumia chambo cha namna mbili: cha nyama, kama ngisi na dagaa, na kilichotengenezwa kwa mti, bati au manyoya kikamshabihi samaki mdogo. Hiki cha pili ndicho chenye mas'ala ya bei, kwani rasilmali yake haionekani yote kwa macho.

Katika nchi ya Ufini, mvuvi aitwaye Lauri Rapala alichonga chambo chake mwaka 1936. Kiwiliwili chake kilikuwa gamba jepesi la mti, lile lizibalo chupa. Juu yake alivika karatasi ya bati ya kufungia chokoleti, kisha akapaka filamu za picha zilizoyeyushwa. Vitu hivyo ni takataka za nyumbani. Thamani yote ilikuwa katika kisu na subira ya kukijaribu majini hata kiende kama samaki aliyejeruhika.

Mithali yake ni fundi aliyetoa shilingi 400 kwa mti, rangi na ndoana, na kazi ya mkono wake yastahili ujira wa 600. Akihesabu vifaa peke yake, atauza kwa 800 akidhani mali yake imezaa mfano wake, kumbe amepoteza 200 za ujira. Akiuza kwa 1250 amepata 250, nayo ni robo ya rasilmali na ni khumsi ya bei. Wengi huzichanganya hesabu mbili hizi. Mwenye duka akinunua kwa 1250 akauza kwa 2500, husema faida yake ni nusu. Ni kweli kwa kutazama bei, ila kwa mali aliyoitoa ni mia kwa mia. (Na kodi ya duka hutoka humo humo, basi asilaumiwe upesi.)

Lipo jambo ambalo wafanya biashara hulipita. Katika murabaha, ambapo mnunuzi hutajiwa rasilmali kisha faida ikaongezwa juu yake, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj ya kuwa muuzaji akiuza kwa kadiri kitu kilivyomsimamia, ujira wa aliyekodiwa huingia, na kazi aliyoifanya kwa mkono wake mwenyewe haiingii. Fundi yule akisema chambo kimemsimamia kwa 1000 amemkhini mnunuzi, japokuwa daftari lake limeandikwa 1000. Njia yake ni kubainisha: vifaa 400, kazi ya mkono wake 600, faida 250. Ama akiuza kwa mapatano ya kawaida, pasipo kutaja rasilmali, halazimiki kufunua hesabu yake. Lililo juu yake ni kutoficha aibu ya kitu, kama ndoana iliyoingia kutu chini ya rangi.