Kununua Pikipiki Iliyotumika

Njia nyingi za vijiji vya Kilosa na Mikumi ni za vumbi, mchanga na tope. Anayejifunza kuendesha huko ataanguka tu. Basi tutafute pikipiki nyepesi, ya bei nafuu.

Twende asubuhi, injini ikiwa baridi, tuiwashe wenyewe. Moshi wa bluu ukizidi, injini inakula oili, tuiache. Tutazame breki, cheni, na fremu kama imechomelewa.

Kisha tusome kadi. Namba zake zilingane na zile zilizogongwa kwenye injini na fremu. Zisipolingana, huenda ni ya wizi. Tusitoe fedha ya mavuno! Zikilingana, tuandikishiane, tubadilishe jina la mmiliki kupitia TRA.

Swali: Kwa nini injini iwe baridi?