Mama Akipigwa, Aanzie Wapi?

Haya kijana, chukua mfano huu. Ni msimu wa alizeti hapa Ulemo, wilayani Iramba. Magunia yameuzwa, baba kashika hela, mama kaulizia sare za watoto. Jibu ni kipigo. Mkono umevimba, na wewe umeona kila kitu. Utafanyaje?

Sheria inasemaje?
Wapo wanaosema, "Hayo ni mambo ya ndani." Hapana! Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hata kama mila inaruhusu, hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumwadhibu. Kumjeruhi mtu ni jinai, na jinai haimalizwi kwa faini ya mbuzi.

Kila mmoja ana kazi yake
1. Mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji: yuko karibu. Asaidie kumtoa mama kwenye hatari na kumfikisha polisi.
2. Polisi, Dawati la Jinsia na Watoto: wanamsikiliza faragha, wanaandika maelezo na kumpa fomu ya PF3.
3. Mganga: anatibu na kujaza majeraha kwenye PF3, ambayo ni ushahidi mahakamani. Hali ikiwa mbaya, matibabu kwanza, fomu baadaye. Aliyebakwa awahi ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia VVU, na asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa.
4. Afisa ustawi wa jamii: ushauri, usalama wa watoto, mahali pa kujihifadhi.
5. Msaidizi wa kisheria: anaeleza haki zake. Kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kesi hufia njiani
Sasa tatizo liko wapi? Kila ofisi inaweza kufanya kazi yake na mama bado asisaidike. Polisi wanamwambia nenda hospitali. Hospitali wanamwambia rudi polisi. Nauli imekwisha, jua linazama, anarudi kwa yule yule aliyempiga. Kesho yake anafuta kesi. Tunasema "kamsamehe", kumbe alikosa pa kulala!

Ndiyo maana baadhi ya hospitali nchini zina Kituo cha Mkono kwa Mkono: polisi, mganga na ustawi wa jamii mahali pamoja. Pasipo na kituo hicho, ofisi zenyewe zishikane mikono. Polisi ampigie mganga kabla mama hajaondoka. Mama asipewe karatasi tu, apewe na mtu wa kumsindikiza. Na kila anayempokea aulize swali hili: "Leo usiku utalala wapi?"

Na wewe je?
Usiingilie kwa panga wala rungu. Ita watu wazima, toa wadogo zako nje. Mwulize mama anataka nini, usimwamulie. Akikubali, msindikize. Kumbuka tarehe na ulichokiona, maana wewe ni shahidi. Usitangaze kijiweni. Mtoto akiumizwa, piga 116, ni bure.

Jadilini kikundini
- Kutoka kwenu hadi polisi na hospitali, nauli ni kiasi gani? Nani anaweza kuitoa usiku?
- Nyumba gani mama anaweza kulala salama leo?
- Kwa nini majirani husikia kelele na kufunga mlango?