Mgonjwa wa TB Hafungwi Jela: Jua Haki Yako

Mwezi wa Agosti 2010, wanaume wawili waliokuwa wakiugua kifua kikuu (TB) walifikishwa mbele ya mahakama ya Kapsabet, Nandi. Hawakuwa wameiba wala kumpiga mtu. Walikuwa wameacha kumeza dawa kabla ya kumaliza matibabu. Iliamriwa watengwe katika gereza la Kapsabet kwa miezi minane, na walikaa humo siku 46 kabla ya Mahakama Kuu kuwaachilia.

Amri hiyo ilitegemea kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, kinachohusu kumtenga mtu anayeweza kueneza ugonjwa wa kuambukiza. Lakini TB husambaa kwa hewa, na jela iliyojaa watu ni mahali pabaya mno pa kumweka mgonjwa wake. Wafungwa hutoka siku moja, na askari jela hurudi kwao kila jioni.

Machi 24, 2016, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa kuwafunga wagonjwa hao kulikiuka Katiba, na kwamba kifungu hicho hakiruhusu jela kutumika kuwatenga wagonjwa. Mgonjwa bado anaweza kutengwa pale njia nyingine zinaposhindikana, lakini hospitalini, akitibiwa na kuheshimiwa.

Uamuzi huo unamhusu kila mkaazi. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na katika vituo vya umma kipimo cha makohozi na dawa za TB havilipiwi. Mwenye kikohozi, homa, jasho jingi usiku au anayepungua uzito ana haki ya kuomba kupimwa. Mashine ya GeneXpert hutoa majibu kwa takriban saa mbili, ingawa zahanati isiyo nayo hulazimika kutuma makohozi kwingine na majibu huchelewa. Watoto walio chini ya miaka mitano wanaoishi na mgonjwa wachunguzwe pia, kwani wasio na TB hupewa dawa za kinga.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Wengine huogopa wakiona mkojo umegeuka rangi ya chungwa. Hiyo ni kawaida ya dawa moja kati ya hizo. Macho yakiwa ya manjano, hilo si kawaida. Rudi kituoni siku hiyo hiyo.

Aliyekatiza dawa arudi bila kuogopa polisi. Mhudumu naye aanze kwa kuuliza kilichomzuia: nauli, njaa, kibarua kisichoruhusu kukosa siku, au majirani wanaonong'ona. Kumgombeza hakumrudishi mgonjwa kwenye matibabu.

Ukidaiwa pesa za dawa za TB, ukiambiwa zimeisha, au siri yako ikitolewa, anza kwa msimamizi wa kituo. Usiposaidiwa, mwone mratibu wa TB wa kaunti ndogo yako. Kama huwezi kufika, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako akufikishie malalamiko.