Uliza Ruhusa Kabla Hujafungua Fomu

Mtunza stoo amefungua oda. Amesahihisha idadi kwenye mistari 12, ameandika maelezo, amebonyeza Hifadhi. Ujumbe mwekundu unatokea: huna ruhusa. Dakika 15 zimepotea, na simu ya kwanza anakupigia wewe uliyetengeneza programu. Ana haki ya kukasirika. Kumnyima ruhusa si kosa. Kosa ni kumwacha aandike yote yale kwanza.

Nitatumia Power Apps kwa mfano, maana ndiko wengi wanakojengea fomu za ofisi.

Weka ukaguzi kwenye kitufe cha Hariri, usingoje Hifadhi. Kwenye OnSelect ya kitufe hicho andika hivi:

If(RecordInfo(Orodha.Selected, RecordInfo.EditPermission), EditForm(FomuOda), ViewForm(FomuOda))

Orodha ni Gallery ya oda zako, FomuOda ni fomu yenyewe. Mwenye ruhusa anafunguliwa aandike, asiye nayo anasoma tu. RecordInfo inatazama ruhusa za jedwali zima pamoja na za rekodi hiyo moja, kwa hiyo inatosha peke yake hapo.

Oda mpya ni habari nyingine. Rekodi bado haipo, na Orodha.Selected itakujibu kuhusu oda nyingine kabisa. Kwenye kitufe cha Oda Mpya, uliza jedwali: tumia DataSourceInfo pamoja na CreatePermission. Kuna watu wanaoruhusiwa kuanzisha oda lakini wasiiguse tena baadaye. Usiwachanganye na wanaoruhusiwa kuhariri.

Hapa kuna mtego. Chanzo cha data kisipotoa taarifa za ruhusa, DataSourceInfo hujibu true. Kwa hiyo true ina maana mbili: ameruhusiwa, au hakuna aliyesema kitu. Jua chanzo chako ni cha aina gani kabla hujaliamini jibu.

Ukijikuta unaandika barua pepe za watu ndani ya fomula, simama. Mtu akihama idara Ijumaa, Jumatatu bado anabadilisha bei, na wewe uko likizo. Majina na vyeo vikae kwenye vikundi vya ruhusa. Programu iulize tu.

Kufunga sehemu moja tu, mathalani bei, ni kazi ya kadi. Weka sharti kwenye DisplayMode ya kadi ya bei. Kisanduku kilichomo kinafuata chenyewe kupitia Parent.DisplayMode. Chagua View kuliko Disabled. View inaonyesha bei kama maandishi ya kawaida. Disabled inaacha kisanduku cha kijivu, na mtu atabonyeza weee akidhani programu imekwama. Chini ya bei weka sentensi moja: “Oda imeshaidhinishwa, bei inabadilishwa na mhasibu.” Sentensi hiyo itakupunguzia simu nyingi.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Kufunga kisanduku kwenye skrini ni kumsaidia mtumiaji, si kulinda data. Ukiwa unahifadhi data kwenye SharePoint, orodha yake ina ruhusa za orodha, folda na rekodi moja moja, lakini haina ruhusa za safu. Anayeruhusiwa kuhariri rekodi anaweza kuifungua orodha hiyo kwenye kivinjari na kubadilisha bei, hata kama programu yako imeificha vizuri. Bei ikiwa ni siri au ni ya mtu mmoja tu, ihamishie kwenye orodha yake yenye ruhusa zake. Au tumia Dataverse, ambako safu moja inaweza kulindwa peke yake.

Hata baada ya yote haya, kuhifadhi kunaweza kukataa, kwa sababu ruhusa inaweza kuondolewa wakati mtu bado yumo ndani ya fomu. Kwenye OnFailure ya fomu weka Notify yenye maneno yanayoeleweka. Usiweke ResetForm hapo, itafuta alichoandika.

Kisha jaribu, lakini si kwa akaunti yako. Wewe ni mmiliki, kila kitu kitakufungukia. Waombe watu wa IT akaunti yenye ruhusa za mtunza stoo, ifungue kwenye kivinjari kingine. Anza kuhariri oda, waambie waiondoe ruhusa, subiri kidogo, bonyeza Hifadhi. Ukiona ujumbe unaeleweka na maandishi yako bado yapo, wape watu programu yao.