Zamu ya Maji Mlimani

Jua, ewe msomaji, ya kwamba katika miteremko ya Kilimanjaro Wachaga tangu zamani huchimba mifereji, waiitayo mifongo, kuteremsha maji ya mito mpaka migombani. Maji hugawanywa kwa zamu. Na asiyetoka siku ya kuuzibua mfereji hutozwa. Mtu wa pwani afikaye Moshi husikia magomvi ya zamu akadhani ni uchoyo. Lau angalisimama shamba la chini wakati wa kiangazi, migomba ikinyauka, angalifahamu. Na fiqhi ya Imamu Shafii yasema: wa juu hutangulia kunywesha, maji yakifika vifundo vya miguu humwachia wa chini. Basi aliyeisoma hukumu hii chuoni, ana udhuru gani wa kumdharau jirani atendaye mfano wake? Na akipata shamba huko, siku ya kuzibua atoke na jembe lake.